Weupe Usio Ukoma

Kila mtu ajua ya kuwa kidonda kikipona huacha kovu. Lakini si wote wajuao kwamba kidonda chaweza kuondoka na rangi ya ngozi pia. Kwa kutojua jambo hili watu wengi wamehukumiwa bure.

Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 7 alimwagikiwa na uji wa moto mguuni. Alitibiwa zahanati, akapona vyema. Lakini pale palipoungua pakawa peupe. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema, “Ni mbalanga.” Mwingine akasema, “La, ni ukoma.” Haukupita mwezi, wenzake wakakataa kuketi naye benchi moja, na katika nyumba moja wakamtengea kikombe chake peke yake. Usiku mmoja akaniuliza, “Baba, je, vidole vyangu vitakatika?” Nami nilishindwa kulala.

Asubuhi nikampeleka kwa mganga wa zahanati. Akamwambia afumbe macho, akamgusa taratibu kwa uzi wa pamba penye weupe, na mtoto akaonyesha kwa kidole kila mahali alipoguswa. Mganga akanena, “Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi. Huyu asikia vyote, tena twajua chanzo cha weupe huu.”

Kisha akatueleza. Ndani ya ngozi ya juu zimo chembe zinazotengeneza rangi, iitwayo melanini. Ngozi ikiungua, au ikivimba kwa ukurutu, jipu au tetekuwanga, chembe hizo huweza kudhoofika na kuacha kazi yake kwa muda. Zikiwa hai bado, rangi hurudi polepole, kwa majuma au miezi mingi, nayo huanza kama vidoadoa penye mizizi ya vinyweleo na kandokando ya baka. Lakini moto ukiingia ndani sana ukaziua, weupe huweza kudumu. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yangu: kando palirudi rangi yake, katikati pamebaki peupe mpaka leo. Weupe huo haumwambukizi mtu yeyote.

Basi, akina mama, msipake majivu wala dawa kali mahali kama hapo, maana kidonda kipya huweza kuzidisha weupe. Pafunikeni pasichomwe na jua. Bali baka lisilo na chanzo kinachojulikana, au lisilosikia mguso, mwonyesheni mganga upesi.

Nanyi walimu wenzangu, angalieni mabenchi yenu. Mtoto akikaa peke yake, ulizeni sababu. Na kama ingalikuwa ukoma kweli, je, tungalikuwa na haki ya kumtenga? Ukoma una dawa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza kuutibu kwa dawa kadhaa pamoja. Wagonjwa hupewa bila malipo, hutibiwa kwa miezi 6 au 12, na mara waanzapo dawa huacha kuambukiza upesi. Mgonjwa huhitaji dawa, na mwenye kovu huhitaji kuachwa acheze na wenzake. Hakuna kati yao ahitajiye kikombe cha peke yake.