Mpiga Chupa wa Kitale

Katika muziki wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya, aghalabu sifa humwendea mpiga gitaa. Mpiga chupa husahauliwa, ilhali ndiye aushikaye mwendo wa wimbo. Hiyo ndiyo imani ya mzee mmoja wa Kitale ambaye ujanani alipiga chupa ya Fanta katika harusi na matanga, kutoka Kiminini hadi Bungoma. Kundi lake lilikuwa la watu watatu. Halikurekodiwa hata mara moja.

Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa watatu pia: Shem Tube na Justo Osala kwa magitaa, Enos Okola kwa chupa. Hao walirekodiwa. Mwaka wa 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizikusanya nyimbo zao za zamani na kuzitoa upya katika santuri; mwaka wa 1991 wakarekodi albamu nyingine huko London.

Mwanawe mzee, mwalimu mjini Bungoma, aliipata santuri hiyo ya kwanza kwa rafiki. Aliipeleka Kitale kwa matatu kupitia Webuye, ameipakata kama mtoto mchanga. Sindano ya gramafoni ilipoigusa, mzee alinyamaza. Upande wa kwanza ulipokwisha, aliinuka, akaleta chupa yake yenye matuta na kipande cha chuma.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Akapiga pamoja nao. Mahali Okola alipotulia, yeye aliongeza mapigo. Mahali pengine alichelewa makusudi, kisha akawahi na kufika nao pamoja. Ghafla akaiweka chupa chini.

"Hawanisikii hawa."

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwamba utendaji huzaliwa baina ya fanani na hadhira. Bibi harusi akiingia, mpigaji hukaza mwendo; wachezaji wakichoka, huulegeza. Santuri huhifadhi sauti, lakini kujibizana huko haikuhifadhi. Hata hivyo, anayeilaumu santuri kwa upungufu huo na akumbuke wale wasiokuwa nayo. Wapiga gitaa wawili wa kundi la mzee wamekwisha kufariki. Nyimbo zao hazikutolewa upya kwa kuwa hazikutolewa kamwe.

Mwalimu akatoa simu yake. "Baba, piga nikurekodi."

"Nimjibu nani, mwanangu? Chupa haisemi peke yake."

Mwalimu hakuwa na la kusema. Gitaa hakujifunza, alikuwa akisoma vitabu wakati ambapo angeweza kufundishwa na wale wawili. Akaiegemeza simu kwenye kikombe cha chai, akaanza kupiga makofi, polepole, kombokombo. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akainama na kuiokota chupa.

Rekodi hiyo ipo. Ni ya dakika sita. Makofi ya mwana yanakosea mara nyingi, na kila yanapokosea, chupa husubiri.