KUCHIPU GEMU CHINI YA ULUGURU

Wenyewe wanauita mji kasoro bahari. Maana yake kila kitu kipo isipokuwa maji ya chumvi: milima ipo, mito ipo, ndizi zipo, vyuo vipo vya kumwaga. Siku hizi hata kisingizio cha umbali hakuna tena. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria Juni 2024, na kutoka Dar mpaka stesheni ya Morogoro huchukui saa mbili. Umefungua korosho zako, hujazimaliza, unaambiwa shuka.

Wengi wakishafika wanakimbilia Rock Garden, au wanapanda mpaka Morningside, kwenye lile jumba la enzi za Wajerumani, wapige picha wakatambe nazo. Siwacheki, picha tamu. Ila safari yangu ya likizo ya Juni haikuwa ya picha. Nilikuwa namsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka 14, kwenda kwa fundi. Mgongoni ana begi, ndani ya begi mna Nintendo Switch Lite, na ndani ya kichwa chake mna neno moja tu: kuichipu.

Msomaji uliyekulia kwenye vibanda vya gemu sina haja ya kukueleza. Uliyekulia kanisani au madrasa bila kutoroka, sikiliza. Mashine za gemu zinatengenezwa zikubali gemu halali za kampuni peke yake. Tangu enzi za PlayStation ya kwanza, ile ya 1994, mafundi duniani wamekuwa wakizifungua na kuzitia chipu ndogo ya kuidanganya mashine, ikubali nakala. Vijana wengi wa Bongo waliocheza PlayStation 2 mtaani walicheza iliyochipiwa, hata kama hawakujua. Gemu moja mpya ya Switch imekuwa ikiuzwa dola 60 huko Marekani. Zibadilishe hizo kuwa shilingi, kisha umwambie mama mdogo. Utaulizwa kama una akili timamu.

Mashine yenyewe haikununuliwa na mama mdogo. Dada wa huyu bwana mdogo anafanya kazi saluni kule Muscat. Alijinunulia ya kwake, akamtumia na mdogo wake moja, pamoja na kadi moja ya gemu, Mario Kart, ya kukimbiza magari. Kadi moja! Mwaka mzima anakimbiza magari yale yale. Ndiyo maana tulipopata sifa za fundi wa Morogoro anayechipu, dogo hakulala.

Kibanda kipo mtaa wa nyuma, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jipya lililofunguliwa 2021. Kibao hakuna. Ukutani zimening'inia redio za kaseti zilizosahauliwa na wenyewe. Nilitegemea kukuta kijana wa rika langu mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Nikakuta mzee wa miaka sitini na kitu, miwani kwenye kamba, kavaa koti la kijivu kama mwalimu wa sayansi kimu.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, karibuni wanangu. Kaeni hapo, msitikise meza.”

Alikuwa na Switch ya mteja mwingine, mwanafunzi wa chuo. Hapo ndipo nilipoona kazi, jamani. Ameshafungua skrubu zile zenye pembe tatu, ameondoa bati la kinga, amefuta ile dawa nyeupe juu ya bongo la mashine. Pembeni mwa bongo kuna vipande vya umeme visivyofika hata milimita moja. Ukikohoa, umekipeperusha kimoja. Fundi anavitazama kwa hadubini ya mezani. “Macho yangu yameisha,” akasema, “sasa natumia ya mashine.”

Chipu yenyewe haizidi kucha ya kidole gumba. Ndani yake kuna kidude kiitwacho RP2040, kilichotengenezwa na kampuni ya Raspberry Pi ya Uingereza. Wao walikitoa 2021 kwa ajili ya wanafunzi na watu wa kujifunza elektroniki, na bei yake ni kama dola moja. Wajanja wakakitungia kazi nyingine. Fundi huchomea nyaya sita hivi, nyembamba kama nywele ya mtoto mchanga, kwenye njia za kumbukumbu ya mashine na za umeme, kisha utepe mmoja kwenye vile vipande vya pembeni mwa bongo. Chuma cha kuchomea kikishika moto, risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183, panatoka moshi wenye harufu ya ulimbo wa msonobari, na inabidi mkono uondoke kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Nikamuuliza inavyodanganya. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, na haikuishia vizuri, lakini mzee anajua kufundisha. Mashine ikiwashwa, bongo linaikagua programu kama ina sahihi ya kampuni. Ile chipu inasikiliza kwenye nyaya, inasubiri sekunde yenyewe, tena kipande kidogo sana cha sekunde, halafu inaushusha umeme wa bongo mara moja na kuuachia. “Ni kama mlinzi wa geti,” akasema. “Anafungua mdomo aulize kitambulisho, unamrushia pilipili puani. Anapiga chafya. Akifumbua macho, umeshapita.” Ikishindikana mara ya kwanza inajaribu tena na tena, na ikifaulu inaukumbuka ule muda kwa siku nyingine.

Switch za kwanza kabisa, za 2017, hazikuhitaji hata kuchomewa. Zilikuwa na kasoro ndani ya bongo lenyewe, ikatangazwa hadharani Aprili 2018, kampuni ikaziba tundu katika zilizofuata. Hizi Lite, zilizotoka Septemba 2019, zimezaliwa tundu limeshazibwa. Ndipo ikabidi chuma cha moto kirudi mezani.

Katikati ya waya wa nne umeme ukakatika. Feni kimya, taa kimya, redio ya jirani kimya. Nikaona mkono wa mzee umeshanyanyuka. Hakungoja hata ya pili. Chuma kikipoa kikiwa juu ya ubao kinaganda na risasi, na ukivuta unang'oa njia ya umeme, mashine kwaheri. Akawasha taa ya betri, akatuagizia kahawa kwa muuza pembeni, tukakaa. Kwa kweli kukatika kule ndiko kulikotupa maongezi.

Mdogo wangu akauliza swali la kitoto ambalo watu wazima tunaogopa kuliuliza: “Babu, huu si wizi?”

Mzee hakukasirika. Alionyesha zile redio ukutani. Ujanani alikuwa na mashine mbili za kaseti na kazi ya kurekodia watu kanda. Unaleta kanda tupu, unalipa, unaondoka na Morogoro Jazz. Huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mji wa Mbaraka Mwinshehe. Kanda zilijaa nchi nzima, zikivuka mpaka. “Kwa kila kanda niliyorekodi, mimi nililipwa,” akasema. “Mwenye gitaa hakuona hata senti.” Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, na nyimbo zake zikaendelea kurekodiwa na kila mwenye mashine. Sheria ya Hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, inalinda muziki na hata programu za kompyuta. Kwa hiyo jibu la swali la dogo lipo kwenye sheria, wala halihitaji kubishaniwa kijiweni: kuitia nakala gemu ambayo hukuinunua ni kosa.

Kuna jambo lilinichekesha. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70 mjini Osaka. Kutoka Osaka mpaka Kyoto ni kama nusu saa kwa treni, na Kyoto ndiko yaliko makao ya Nintendo, kampuni iliyoanza 1889 ikitengeneza karata za kuchezea. Watu wa Moro walishawapigia gitaa Wajapani karibu na mlango wao. Sasa Moro inawafungulia mashine.

Na Wajapani hawa hawana mchezo. Kulikuwa na kundi liitwalo Team Xecuter lililokuwa likiuza chipu hizi dunia nzima. Mmoja wao, raia wa Kanada, anaitwa Gary Bowser. Shabiki wa Mario atajua kuwa Bowser ndilo jina la adui mkubwa kwenye gemu zile zile. Usinicheke mimi, ndivyo alivyozaliwa. Februari 2022 mahakama ya Marekani ilimhukumu miezi 40 jela, na madai ya fedha juu yake yakafika dola milioni 14.5. Fundi wa Morogoro hajafika huko, lakini hadithi anaijua, na anaisimulia taratibu kama habari za msiba.

Umeme ukarudi. Akamaliza zile nyaya mbili, akawasha. Ikapita dakika nzima hatupumui, kisha kioo kikawaka. Dogo akapiga makofi. Zamu yetu.

Mzee akaishika ile Lite, akaigeuza. “Nani kakupa?”

“Dada. Yuko Muscat.”

“Mnacheza pamoja?”

Wanacheza. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, dada anawasha yake, huyu anawasha ya kwake, wanakimbizana kwenye mtandao wa kampuni mpaka bando langu linakata roho. Mzee akaiweka mashine mezani bila kuifungua. Akasema ukweli wote, ambao fundi mwenye njaa angeumeza: ukitia gemu za nakala halafu ukaingia kwenye mtandao wa kampuni, wanaweza kukugundua na kuifungia mashine isiingie tena huko maisha. Wapo wanaoigawa kumbukumbu sehemu mbili, moja safi moja chafu, wakapona. Yeye hamhakikishii mtu. “Utapata gemu mia. Ila Ijumaa unaweza kukosa wa kucheza naye. Chagua wewe, si kaka yako.”

Nilimwangalia mdogo wangu akihesabu kichwani. Gemu mia upande mmoja, dada upande mwingine. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Basi nitengenezee tundu la chaji,” akasema. “Limelegea.”

Mzee akacheka mpaka miwani ikadondoka. Alifungua, akalitoa lile tundu kwa hewa ya moto, akachomea jipya, dakika arobaini, elfu kumi na tano. Kuchipu kungemlipa mara nyingi zaidi ya hapo. Nikamuuliza kama haimuumi. Akanijibu kuwa kwao ni Choma, kijiji cha juu mlimani, na aliyezaliwa Choma atachomea chochote.

Alipotoka swala ya Ijumaa alikuwa anapanda nyumbani, akasema twendeni mkaone. Mambo ya Uluguru hayo: unaanza na lami, inakuwa vumbi, inakuwa ngazi za mawe. Akina mama wanashuka na matenga ya ndizi kichwani wakikupita kama umesimama. Kilele cha Lupanga, kinachopita mita 2,100, kimejifunika wingu, na kwenye Bondwa minara ya mawasiliano inachungulia na kujificha. Nilikuwa nahema kama jogoo wa kuchinjwa. Mzee hahemi.

Kwenye jiwe moja mdogo wangu akasimama, akaangalia simu yangu. “Kaka, hapa mtandao umejaa. Nigawie bando.” Muscat wametutangulia saa moja, jua kule lilikuwa linaelekea kuzama. Dada akaitikia. Mji wote ukiwa chini ya miguu yetu, mzee kachuchumaa pembeni anachungulia kioo, magari yakaondoka. Dogo alimaliza wa nne. Dada wa kwanza, tena akamtumia ujumbe wa kumcheka.