Kisiwa cha Tembo, Pembe za Robanda

Wareno walipofika kisiwa cha Gharapuri, karibu na Mumbai, walikuta tembo mkubwa wa jiwe amesimama si mbali na ufuo. Wakakiita kisiwa Elephanta, na jina likashika. Sasa mtu aliyezaliwa Robanda, Ikoma, kijiji kinachopakana na Serengeti, unamwambia kuna kisiwa cha tembo saa moja tu kwa boti, halafu utegemee abaki hotelini?

Nilikuwa nimemsindikiza baba mdogo aliyekuwa anasubiri upasuaji wa moyo. Daktari alimruhusu kutoka siku moja, mradi asijichoshe. Kisiwani kuna ngazi zaidi ya mia, zimebanwa na vibanda vya shanga na kima wanaopora chakula mikononi mwa watu. Wapo vijana wanaowabeba wasioweza kupanda, kwenye kiti kilichofungwa kwa miti miwili. Baba mdogo alikataa. Akazitazama zile ngazi tena, akakaa kwenye kiti. Njia nzima alifumba macho, kwa aibu nadhani, si kwa maumivu.

Juu tulikatiwa tiketi: Mhindi rupia 40, mgeni 600. "Kumbe na hawa wana bei mbili kama hifadhi yetu," akasema.

Hekalu kubwa la Elephanta halikujengwa. Kati ya karne ya 5 na ya 6 watu waliingia ndani ya mwamba mweusi na kutoa kila kisichotakiwa, mpaka zikabaki nguzo, kuta na miungu. Ukutani mwa kusini yumo Shiva mwenye nyuso tatu, kimo chake mita zipatazo sita. Uso mmoja umekasirika, mwingine ni laini kama wa mwanamke, wa katikati umefumba macho. Nimeona picha zake nyingi na hakuna hata moja iliyonitayarisha kwa ukimya wa ule uso wa katikati. Pembeni kuna Shiva mwingine, nusu mwanamume nusu mwanamke katika mwili mmoja. Kwingine Ravana, mfalme wa majitu, anautikisa mlima Kailasa ili aung'oe, na Shiva aliyekaa juu yake anautuliza kwa kuubonyeza na kidole cha mguu tu. Sanamu nyingi zimevunjika kuanzia kiunoni kwenda chini. Inasemekana askari wa Kireno walizifanya shabaha.

Aliyechonga ni nani? Wenyeji wana hadithi. Wengine husema ni ndugu watano wa Pandava walipokuwa uhamishoni, wengine humtaja Banasura, jitu lililompenda Shiva. Wanahistoria nao wanabishana ni mfalme gani alilipia kazi. Palikuwa na jiwe lenye maandishi, na huenda lingemaliza ubishi. Wareno waliling'oa wakalipeleka kwao, na huko likapotea. Hata yule tembo wa jiwe hakusalimika: mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumnyanyua wampeleke Uingereza, akaanguka akavunjika vipande. Walikuja kumuunga baadaye, na sasa yuko kwenye bustani mjini Mumbai.

Baba mdogo alisikiliza haya yote kutoka kwa mwongozaji, mimi nikimtafsiria. Mwisho akauliza swali moja: "Wanakuja kusali hapa?" Mwongozaji akajibu kwamba siku ya Shivaratri watu huja, lakini siku nyingine ni utalii. Baba mdogo akaguna.

Najua alikuwa anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilikuwa huko huko. Ikoma hatuna hekalu la kuchongwa. Tuna Machaba, pembe mbili za tembo, ambazo kwetu ni kitu kitakatifu. Katika simulizi niliyokua nikiisikia, wazee wetu walibanwa na shida, wakamwendea mtabiri wa Kitatoga upande wa Ngorongoro, na kutoka kwake ndiko Machaba yalikotufikia. Zaidi ya hapo kila msimulizi ana njia yake. Mwanahistoria Jan Bender Shetler ameandika kuhusu simulizi za watu wa Serengeti ya magharibi katika kitabu chake *Imagining Serengeti* cha mwaka 2007, na nakiri wivu: mengi niliyoyakuta mle ndani sikuwahi kuyasikia nyumbani. Machaba yanabebeka, kwa hiyo tunayo. Vilima, chemchemi na mahame yanayotajwa kwenye simulizi havibebeki, na vingi vimo ndani ya mipaka iliyochorwa kuanzia mwaka 1951, Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa. Ukitaka kwenda kumwona babu yako alikozikwa, unaanzia getini.

Kwenye boti la kurudi nilimwomba baba mdogo anisimulie yote, tangu safari ya kwa Mtatoga mpaka mwisho. Ni mmoja wa watu wachache waliobaki wanaoyajua majina ya mahame kwa mpangilio. Nilikwisha washa simu nirekodi.

"Unataka nikuagie hapa majini?"

"Hapana, baba."

"Basi zima. Mtu anayekwenda kupasuliwa hasimulii yote. Akisimulia yote, atarudi kufanya nini?"

Sikuwa na jibu, na sikupenda hesabu hiyo, maana mimi ndiye niliyekuwa nimesoma fomu za hospitali. Hata hivyo, kabla hatujafika gatini alinitajia majina saba ya mahame, polepole, akiyahesabu kwa vidole. Niliyaandika nyuma ya tiketi ya rupia 600. Akasema yako tisa.

Upasuaji ulifanikiwa. Yuko Robanda, anatembea mwenyewe hadi dukani. Kila nikipiga simu kuulizia yale mawili, ananiambia habari za tembo waliolala kwenye shamba la mtama la jirani.