Ghala la Mwilini

Kwa watu wa pwani, sisimizi ni mdudu wa jua: joto lizidipo, naye huzidi mbio. Si rahisi basi kusadiki kuwa Amerika ya Kaskazini, tangu kusini mwa Kanada hadi Meksiko, yuko sisimizi aliyeyapindua mazoea hayo. Wataalamu humwita Prenolepis imparis. Thomas Say ndiye aliyemweleza kwanza kitaalamu, mwaka 1836. Urefu wake ni milimita 3 au 4. Baridi ikaribiapo kugandisha maji, wenziwe wakiwa wamejikunyata mashimoni, yeye hutoka kutafuta riziki.

Joto la kiangazi likiingia hufanya kinyume: huziba mlango, akajifungia chini kwa miezi. Mwaka 1987 Walter Tschinkel alieleza mashimo ya Florida yafikayo kina cha mita 3.6. Humo hamna shehena ya nafaka. Ghala ni miili ya vibarua vijana, ambao katika msimu wa kutoka hulishwa hata matumbo yakafura kwa mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayowalea mabuu gizani. Nao mabuu si wana wa mlezi, ni nduguze. Wao wakinenepa, yeye hukonda.

Kujifungia huko kusidhaniwe kuwa ni woga. California imevamiwa na sisimizi wa Ajentina, ambaye huwafukuza wenyeji wengi kila afikapo. Huyu wa baridi ni miongoni mwa wachache waliosalia. Mvamizi hushamiri katika joto, wakati mwenyeji amejifungia. Kwa hiyo hawakutani mara nyingi. Na wakutanapo, mwenyeji si mnyonge: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza kuwa akizidiwa hutoa tumboni tone la sumu lenye kumuua adui.

Lakini sumu ni silaha ya mwisho. Ya kwanza ni kuujua msimu, kama baharia aijuavyo kaskazi na kusi: lini atweke tanga, lini atie nanga. Hikima hiyo imemtosha sisimizi huyu kwa dahari. Je, boma lake likiwa ni baridi, atakimbilia wapi dunia ikizidi kupata joto? Shimo lina mwisho wake, na mafuta ya mwilini yana kipimo.