Katika Jumba Dogo la Sinema Mjini Vienna

Ndugu msomaji, Vienna, mji mkuu wa nchi ya Austria, husifiwa kwa mambo mengi. Husifiwa kwa makanisa yake, kwa muziki wake, na kwa majumba ya makaisari waliotawala huko mpaka mwaka 1918. Mimi leo nataka nikupeleke mahali padogo ambapo wageni wengi hupapita bila kupatazama. Ni jumba la sinema liitwalo Burg Kino. Lilifunguliwa mwaka 1912. Watoto walioketi humo siku za kwanza wamekwisha kufa, lakini jumba lenyewe bado linaonyesha picha.

Pengine utauliza, karani wa parokia ya shamba alifikaje huko? Mwaka 2023 parokia yetu ilialikwa na parokia rafiki ya Austria, nami nikawekwa katika msafara ili niandike taarifa. Jioni moja hatukuwa na kazi. Mzee mmoja wa wenyeji wetu, mwalimu aliyestaafu, akaniambia kwa Kiingereza, “Bwana karani, makanisa yetu umeyaona. Sasa nenda kaione Vienna ya siku za njaa.” Akanipa jina la jumba hilo na saa ya kuanza.

Ukitaka kufika, fuata barabara pana iitwayo Ring, inayouzunguka mji wa kale. Zamani palikuwa na ukuta wa ngome. Ukabomolewa, na mahali pake ikajengwa barabara hiyo. Tramu hupita hapo mchana na usiku. Ukilipita jumba kuu la opera, lililofunguliwa mwaka 1869, tafuta nyumba namba 19 ya kipande kile kinachoitwa Opernring. Hakuna mnara wala nguzo za marmari. Kuna mlango tu na matangazo ya picha, kama duka lolote. Tulioingia jioni ile hatukupata hamsini: vijana wa chuo, wazee wawili watatu, na wageni kama mimi.

PICHA KWA LUGHA YAKE

Jambo linaloitenga Burg Kino na majumba mengine mengi ya nchi ile ni hili: picha za Kiingereza huonyeshwa kwa Kiingereza chake cha asili. Kwetu hilo si ajabu, lakini kwao ni ajabu. Katika nchi zinazosema Kijerumani, picha nyingi za kigeni hutiwa sauti mpya. Mchezaji wa Marekani anafungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya Mjerumani aliyesimama mbele ya kipaza sauti katika chumba fulani, asiyepata kuonana naye hata siku moja. Midomo yaenda huku, maneno yaenda kule, na watu wamekwisha kuzoea.

Jumba hili lilipofunguliwa hapakuwa na tatizo hilo, kwa sababu picha zilikuwa bubu. Maneno machache yaliandikwa katikati ya picha, na kila nchi iliyabadili kwa lugha yake. Mpiga kinanda alipiga, watu wakacheka na kulia. Picha zenye maneno zilipoanza kuenea baada ya mwaka 1927, ndipo kila taifa lilipopaswa kuchagua njia. Waswidi na Waholanzi waliandika tafsiri chini ya picha na kuiacha sauti ilivyo. Wajerumani, Wataliani na Wahispania wakapendelea kuibadili sauti yenyewe.

Hata kwetu njia zote mbili zimepitiwa. Wazee wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam wanakumbuka picha za Kihindi zilivyojaza majumba ya sinema. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, lakini walitoka wakiimba nyimbo zake barabarani. Baadaye yakaja mabanda ya video, na humo akawapo bwana wa kueleza picha kwa Kiswahili, akimsemea kila mchezaji, mwanamume kwa mwanamke. Kazi hiyo ina ustadi wake, nami siidharau. Wengi hawangepata kitu bila yeye. Lakini kila aliyemsikiliza anajua kwamba bwana yule hutia chumvi yake.

MTU WA TATU

Picha niliyoiona inaitwa The Third Man, maana yake Mtu wa Tatu. Ilitoka mwaka 1949, ikapata tuzo kubwa ya Cannes mwaka ule ule. Mwongozaji wake alikuwa Mwingereza Carol Reed. Aliyeitunga hadithi ni Graham Greene, Mwingereza aliyepokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926. Huyo ndiye aliyekwenda Kongo mwaka 1959 kukaa katika kijiji cha wakoma karibu na mji unaoitwa leo Mbandaka, akitafuta habari za kitabu kingine. Burg Kino imekuwa ikiionyesha Mtu wa Tatu tena na tena kwa miaka mingi. Imekuwa kama ibada ya kumbukumbu ya mji, kwa kuwa picha hiyo ilipigwa hapo hapo Vienna mwishoni mwa mwaka 1948, katikati ya magofu ya kweli.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Austria haikuwa huru. Kutoka mwaka 1945 mpaka 1955 ilikaliwa na majeshi ya nchi nne: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi. Vienna nao uligawanywa. Kila jeshi lilikuwa na mitaa yake, na mtaa wa katikati walilinda kwa pamoja, askari wa mataifa manne ndani ya gari moja. Chakula kilikuwa kidogo, na magendo yalikuwa mengi.

Katika mji huo anafika Mmarekani, Holly Martins, mwandishi wa hadithi za bei rahisi. Ameitwa na rafiki yake wa tangu utoto, Harry Lime, aliyemwahidi kazi. Anagonga mlango, anaambiwa Lime amegongwa na gari, na muda ule ule anazikwa. Mashahidi wanasema watu wawili waliubeba mwili. Bawabu wa nyumba anasema aliona watatu. Basi huyo wa tatu ni nani? Sitakuambia yote, usije ukanilaumu siku utakapoiona mwenyewe.

MGENI ASIYEJUA LUGHA

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipofahamu kwa nini jumba lile lashikilia lugha ya asili. Martins hajui Kijerumani. Wenyeji wanasema Kijerumani chao, na picha haimtafsirii mtazamaji wa Kiingereza neno lolote. Mwenye nyumba, mama mzee aliyejifunika blanketi kwa baridi, analalamika kwa maneno mengi askari wanapoipekua nyumba yake. Martins hafahamu, nasi tusiojua Kijerumani hatufahamu. Unaona uso wake, unasikia uchungu katika sauti yake, na basi. Bawabu anajaribu Kiingereza kwa shida. Anapotaka kusema kwamba marehemu yuko motoni au mbinguni, mikono inakosea: anaonyesha juu kwa moto, na chini kwa mbingu. Watu walicheka jioni ile, nami nilicheka, lakini ni kicheko chenye baridi ndani yake.

Kisha bawabu yule anauawa. Watu wanakusanyika nje ya nyumba. Mtoto mdogo mwenye mpira anamwona Martins akija, anamnyoshea kidole na kupiga kelele kwa Kijerumani. Watu wote wanageuka. Mgeni anawatazama, hajui linalosemwa. Anadhani mtoto anacheza! Ni Anna, mwanamke aliyekuwa mpenzi wa Lime, anayemwambia kwamba bawabu ameuawa na kwamba watu wale wanadhani muuaji ni yeye. Wanakimbia, na umati nyuma yao.

Sasa fikiri picha hiyo ikitiwa Kijerumani kitupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Martins atasema lugha ile ile ya bawabu, ya mama mwenye nyumba na ya mtoto. Ugeni wake utakuwa umeondolewa, na nguvu ya hadithi imekwenda pamoja nao. Mtazamaji atapata maneno yote, lakini jambo lenyewe atalikosa.

Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa meza yangu. Huja bibi kutoka kigango cha mbali, Kiswahili hakijui, ameletwa na mjukuu. Bibi anasema kwa dakika tano. Anataja majina, anahesabu kwa vidole, anaonyesha upande wa milimani, anafuta machozi. Anaponyamaza, mjukuu ananiambia, “Anasema anataka cheti.” Hivyo tu! Mjukuu hakusema uongo. Ameeleza haja, lakini bibi mwenyewe ameachwa nje ya mlango. Ndiyo maana siku kama hizo humwita katekista ajuaye lugha yake, naye bibi huanza tena toka mwanzo. Mara nyingi humo ndimo hupatikana jina la kweli la marehemu, au mwaka wa njaa aliozaliwa mtoto. Na hata pale lisipopatikana neno jipya, bibi huondoka ameinua kichwa, kwa sababu amesikilizwa.

WATU WALIO CHINI

Kuna jambo la pili katika picha ile linalotuhusu sana sisi watu wa vijijini. Afisa wa Kiingereza anamwonyesha Martins kazi ya rafiki yake ilikuwa nini. Lime alikuwa akiuza penisilini iliyoibwa katika hospitali za majeshi. Dawa hiyo siku zile ilikuwa adimu, na iliokoa maisha ya wengi. Ili apate faida zaidi aliichanganya na kuipunguza nguvu. Watoto wenye homa ya uti wa mgongo walidungwa dawa hiyo hafifu. Wengine walikufa, wengine waliharibika akili. Katika chumba cha hospitali picha haituonyeshi mtoto hata mmoja. Inatuonyesha uso wa Martins anayewatazama, na sista akitupa mwanasesere. Yatosha.

Lime anajiteteaje? Anampandisha rafiki yake katika gurudumu kubwa la mji, na kutoka juu anamwonyesha watu walio chini, wadogo kama nukta. Anamuuliza kama kweli angeona huruma nukta moja ikiacha kutembea, ikiwa kila moja ingemletea paundi 20,000. Siku iliyofuata nililiendea gurudumu hilo. Lilijengwa mwaka 1897, likaungua vitani mwaka 1944, likazunguka tena mwaka 1947 likiwa na mabehewa 15 badala ya 30. Urefu wake ni karibu mita 65. Nilipofika juu nilichungulia. Kweli watu ni nukta. Lakini palikuwa na mama chini akimfunga mtoto kamba za kiatu, na nilipokwisha kumwona akiinama, nukta ile haikuwa nukta tena.

Basi, dhambi ya Lime si ya Vienna peke yake, wala si ya mwaka 1948 peke yake. Hata leo dawa bandia na dawa zilizopita muda wake zinauzwa, na anayeziuza hapendi kuona uso wa mtoto atakayezimeza. Mzazi mwenzangu, dawa inunue katika duka lililosajiliwa, tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na usinunue vidonge vya mkononi sokoni kwa kuwa bei ni nafuu.

Muziki wa picha nzima hupigwa kwa chombo kimoja tu cha nyuzi kiitwacho zita, kinacholazwa juu ya meza. Mpigaji, Anton Karas, alikuwa mtu wa Vienna aliyepiga katika vilabu vya mvinyo, na picha hii ikalipeleka jina lake duniani. Mwisho wake ni njia ndefu ya makaburini, majani ya miti yakianguka. Martins anamngoja Anna kando ya njia. Anna anakuja kutoka mbali, polepole, anampita bila kumtazama, anakwenda zake. Hakuna anayesema neno. Hapo Mjerumani, Mwingereza na mtu wa kutoka kwetu husikia sawasawa, wala pasihitajiwe mtafsiri.

Ikitokea siku moja ukafika Vienna, enda Burg Kino ukajionee. Na kama safari yako ni ya kijiji cha pili tu, ukakutana na mgeni asiyejua lugha yako, mpe kiti na mpe muda. Mwache amalize kwa sauti yake mwenyewe, kisha umtafute wa kukueleza. Huenda anataka cheti tu. Huenda pia ana habari ambayo hakuna mtu aliyekaa akaisikiliza mpaka mwisho.