Kilima Kilichonifunza

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nilikuwa nikiiandika tu kwenye insha ili mwalimu aniongezee alama. Likizo ya Agosti mwaka jana ndipo nilipoinama kweli, tena mbele ya watu.

Baba ana pikapu kuukuu ambayo hubebea viazi na kabeji kutoka Kinangop hadi Naivasha. Karo yangu hutoka humo. Lakini macho yake yaliingia mtoto wa jicho, na usiku taa za malori zikimpiga haoni hata ukingo wa barabara. Sheria inataka dereva wa gari dogo awe ametimiza miaka 18, nami nilikuwa nimeshatimiza. Nikamwambia, "Baba, mimi nitaendesha."

Mjomba alicheka mpaka chai ikampalia. "Msichana na viazi vya watu!" Baba hakucheka. Aliuza ndama akanilipia masomo ya udereva.

Wenzangu, msidhani udereva ni kushika usukani tu. Kwanza tuliwekwa mbele ya meza iliyochorwa mji mzima, na kigari cha kuchezea juu yake. "Toka hospitali uende sokoni," mwalimu anasema, nawe unakisukuma kwa kidole, ukikaa kushoto, na kwenye raundabauti ukiwapisha wanaotoka kulia. Waliodhani ni mchezo ndio walioanguka.

Mimi niliangushwa na kilima. Gari likisimama mlimani, unavuta handibreki, unatia gia ya kwanza, unainua klachi polepole mpaka gari litetemeke kama ng'ombe anayetaka kuinuka, unakanyaga mafuta kidogo, kisha ndipo unaachilia handibreki. Siku ya mtihani kijasho chembamba kilinitoka, nikaiachilia mapema. Lo! Gari likarudi nyuma kama lililoitwa. Mtahini akakanyaga breki upande wake na kusema neno moja: "Shuka."

Nilipokuwa nikilia kando ya ua, mwalimu wangu wa udereva alininong'oneza, "Mbona ujisumbue? Leta kitu kidogo, jina lako litoke na waliofaulu. Wenzako wameshamaliza mambo." Sitawadanganya, maneno hayo yaliniingia. Nilifikiria kicheko cha mjomba. Nilifikiria ndama aliyekwenda bure. Jioni nikamwomba baba pesa hizo, bila kumficha ni za nini.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Ule mteremko wa kwenda Naivasha unaujua?"

"Naujua, baba."

"Siku breki zitakapokataa, utauonyesha karatasi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri, jua lilipochomoza tu, tulifunga kibao cha herufi L kwenye pikapu, baba akaketi kando yangu, tukaenda kwenye kilima kilicho nyuma ya posho mili. Gari lilizimika mara nyingi hata watoto waliokwenda kuchota maji wakaweka madebe chini watazame. Siku ya nane halikuzimika hata mara moja. Niliporudi kwa mtahini yule yule, alinisimamisha pale pale mlimani. Gari likapanda bila kurudi hata inchi. Akaandika, akasema, "Leo umelishika."

Safari yangu ya kwanza na mzigo, tulipokuwa tukirudi na mbolea kutoka Naivasha, lori lilikwama mbele yetu mlimani na pikapu yetu ikasimama. Nyuma yetu kulikuwa na matatu iliyojaa watu. Nikavuta handibreki, nikasikiliza klachi, nikapanda. Nilipomtupia baba jicho, alikuwa amejifanya amelala. Hapo nilijua kwamba nimepata leseni.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mitihani ya KCSE inabisha hodi. Kila mwaka hunong'onwa kwamba kuna karatasi zinazouzwa. Huenda ukainunua alama, lakini kilima chako kitakungoja mbele, na abiria watakuwa nyuma yako. Njia ya mwongo ni fupi.

Naye mjomba siku hizi akitaka kufika sokoni mapema, hunijia kwa heshima: "Dereva, kuna nafasi?" Nami humwambia afunge mkanda.