Kizimba cha Beberu

Msomaji mpendwa, usidhani nataka kukuletea habari za wakoloni. Mwalimu wetu wa historia akitaja mabeberu ana wake. Beberu wangu mimi ana miguu minne, ndevu na harufu. Ni mbuzi dume wa aina ya Galla, na ninachotaka kueleza ni jinsi tulivyomchagulia kizimba cha kusafiria garini angali mdogo, hali tukijua kwamba baada ya miezi michache atakuwa jitu zima.

Mtu asiyefuga anaweza kucheka. Hapa Ifo si jambo la kucheka hata kidogo. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mbuzi kumi na mmoja wa mama yangu wakabaki wawili, wote majike. Mama akaingia katika ayuuto, ule mchezo wa wanawake kuchangiana pesa kwa zamu, na zamu yake ilipofika hakununua godoro wala bati. Alisema anataka dume la Galla. Mbuzi hao ni weupe, ila ngozi yao ni nyeusi puani, miguuni na chini ya mkia. Huvumilia ukame, na dume aliyekomaa hufika hata kilo 70. Mama mdogo, anayekaa Bulla Iftin mjini Garissa, akampata mmoja wa miezi mitatu katika soko la mifugo la huko.

Sasa, Garissa ni kama kilomita mia moja kutoka hapa. Nilitamani sana kwenda kumchukua mwenyewe, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri, na changu hakikupatikana. Ajabu ni kwamba mbuzi alipata chake! Mfugo nao hauhamishwi bila karatasi ya afisa wa mifugo, na yeye karatasi yake ilitoka kwa siku moja. Basi beberu angekuja peke yake, mikononi mwa dereva na utingo tusiowajua. Ndiyo maana habari ya kizimba ilitusumbua usiku kucha. Hicho ndicho kingekuwa mchungaji wake njiani.

Wengi hufanyaje? Humfunga mbuzi miguu yote minne, wakamtupa ubavu juu ya keria kama gunia la mkaa. Lakini mbuzi ni mnyama wa kucheua. Akilazwa ubavu muda mrefu hewa ya tumboni haipati njia ya kutoka, anavimba na pengine anakufa kabla ya kufika. Wengine humwacha asimame, wakamfunga kamba shingoni. Gari likiruka shimo naye akachupa nje, kamba ile ni kitanzi. Sheria za Kenya, Sura ya 360, zinakataza kuwatesa wanyama, lakini walahi, sheria haipandi keria.

Rafiki zangu walinishauri nitafute kreti za mikate, zile za plastiki, nifunike moja juu ya nyingine. Ni nyepesi, zinapitisha hewa, na kibuzi cha kilo 13 angeenea. Mama akauliza, "Na baada ya miezi miwili?" Kwa maana dume si wa safari moja. Akikaa kwenye zizi lilelile miaka mingi atawapanda binti zake mwenyewe, na kizazi kitadhoofika. Kwa hiyo watu hubadilishana madume, msimu huu yuko Hagadera, msimu ujao Dagahaley. Maisha yake ni ya kupanda na kushuka magari.

Fundi wa kuchomea vyuma yeye alitaka kutuuzia kizimba kikubwa cha chuma, kuta zake za bati la mikebe ya mafuta ya msaada, ile ile iliyotengenezewa milango mingi ya hapa kambini. "Abti," aliniambia, "nunua kiatu kikubwa, mguu utakua." Maneno matamu, lakini sikukubali. Kwanza, bati katika jua la Ifo ni tanuri. Shika mlango wako saa saba mchana, utanielewa. Pili, kibuzi kidogo ndani ya kizimba cha dume mzima ni kama kokoto ndani ya mkebe. Barabara ikirusha gari, naye anarushwa ukuta hadi ukuta, na mfupa wa mguu wa kibuzi hauhitaji nguvu nyingi kuvunjika.

Aliyetutoa gizani ni ayeeyo, bibi yangu. Alisimulia kwamba zamani porini, familia ilipohama, vibuzi vilivyozaliwa karibuni vilipandishwa juu ya ngamia wa mizigo, katikati ya zile fito zilizopinda za nyumba ya aqal. Fito zilikuwa zilezile siku zote. Kilichobadilika ni mikeka: kibuzi mdogo alishindiliwa mikeka mingi pembeni, aliyekua akapunguziwa. "Mtoto wa mbuzi hatafuti nafasi," alisema, "anatafuta pa kuegemea."

Nikaenda kwa jirani nikampima dume wake mzima, huku akinipiga pembe. Seremala akachukua mbao za paleti, maana mathenge ni mgumu na mzito, akaunda kizimba cha urefu wa sentimita 110, upana 55 na kimo 95. Beberu mzima atasimama na kulala kifudifudi, ila hawezi kugeuka, kwa sababu anayegeuka gari likikata kona ndiye anayeanguka. Ndani tukaweka ubao wa kugawia unaotelea katikati ya vijiti vilivyopigiliwa ukutani, kwa hatua tatu. Nafasi kati ya mbao ni nyembamba kuliko kwato. Chini tukatandaza gunia na mchanga ili asiteleze na mkojo usiwamwagikie abiria, jambo ambalo huleta ugomvi mkubwa kuliko nauli. Juu ni gunia la katani la kivuli, si turubai, maana turubai hufungia joto. Kisha kamba nne za kukifunga kizimba chenyewe kwenye gari, siyo mbuzi.

Kizimba kikaenda Garissa kitupu juu ya lori. Mama mdogo akasogeza ubao hatua ya kwanza, akajaza majani makavu pembeni, akamnywesha maji kidogo na kumpakia alfajiri kabla ya jua kali. Adhuhuri lori likaingia Ifo. Nilipochungulia nilimkuta amekunja miguu, anacheua, ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Utingo alisema alimsahau kabisa njiani.

Tangu hapo amekwenda Hagadera mara mbili kwa mjomba, na ubao sasa uko hatua ya tatu. Safari ijayo utatolewa kabisa. Majike yetu yamezaa watatu, na jike mmoja ana pua nyeusi ya baba yake. Majirani wameanza kuja kuazima kizimba. Mama hawatozi kitu, ila anasimama mlangoni kukagua kama kimerudi kimeoshwa.